Shikamoo ya Mpangaji

Siku hizi kila mwenye vyumba viwili na choo cha nje anakuja kuniuliza namna ya kuishi na wapangaji. Wananiona nimezeeka na nyumba bado ninayo, basi wanadhani nina dawa. Dawa sina, nina hasira tu.

Ninayowaambia ni haya. Kabla ya kumpa mtu ufunguo, mpe maji ya kunywa, umtazame. Akimwaga yaliyobaki kikombeni, mwambie chumba kimeshapata mtu. Hapa Newala anayemwaga maji hajui alipo. Chumba kimoja kifunge kwa kufuli lako mwenyewe, hata kama ndani umeweka jembe bovu tu. Mpangaji apande mchicha na bamia, lakini mkorosho asipande, kwa sababu mti una mwenyewe, na mwenye mti haishi kuitazama ardhi ulikosimama. Na kodi ifuate kwa miguu yako, usingoje uletewe.

Hayo wanayakubali. Kisha nawaambia usimpangishe mtani wako, na hapo wanacheka. Vijana wa sasa utani wanausikia redioni. Sisi tuliishi nao, ukatuzikia watu wetu, na mimi ulitaka kuninyang'anya nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama yangu. Iko Newala, nyuma ya soko, ya miti na udongo, lakini juu ina bati, na pembeni ina tangi la saruji la kuvunia mvua. Tangi lile alilijenga mjomba wangu, aliyejifunza uashi misheni Ndanda. Wakati ule wa Mwingereza wenye bati walikuwa wachache, na wenye tangi wachache zaidi. Wanawake wengine waliteremka bondeni alfajiri wakapanda na mtungi kichwani jua likiwa kali. Mama yangu aliteremka hivyo ujana wake wote, shingo ikamkaa upande. Alipopata tangi alikaa kizingitini akalia. Kwetu nyumba ya mama huenda kwa binti, na alipokufa ikawa yangu. Nami nilikuwa na binti mmoja, mwanamwali, anayeteremka bondeni kama bibi yake. Niliapa kwamba akiolewa ataolewa ndani ya nyumba ile, na shingo yake itabaki ilivyoumbwa.

Mimi nilikaa Mnyambe na mume wangu, kwenye mikorosho na mihogo yetu. Nyumba tupu huliwa na mchwa, kwa hiyo tukaamua kuipangisha mpaka binti apate mchumba.

Aliyekuja alikuwa fundi cherehani kutoka upande wa Masasi, Mmakua. Watu wa ukoo wake na wetu ni watani tangu babu zetu. Alisimama mlangoni na cherehani yake juu ya baiskeli, na badala ya kunisalimu akasema, "Nyinyi wa mlimani mnanawa uso kwa umande. Tangi mnalifanyia nini? Nipeni mimi ninayejua maji."

Nikamjibu, "Na wewe uliyezaliwa chini ya jiwe kama mjusi, mlango utajua kuufungua?"

Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. Nikampa fundi maji, akanywa yote, akageuza kikombe juu chini kunionyesha. Basi nikampa na ufunguo.

Kwa umri alikuwa sawa na mdogo wangu wa mwisho, na mtu mwingine wa umri ule angenipa shikamoo kila tulipoonana. Yeye hakunipa hata mara moja, wala sikuitaka. Mtani hakupi shikamoo. Mtani anakutukana, nawe unamtukana, na roho zenu ziko shwari. Kila nilipokwenda Newala nilimkuta barazani anashona, nyuzi mdomoni, na kabla sijafika angeanza, "Karibu nyumbani kwangu, mgeni."

"Asante, baba mwenye nyumba," ningejibu.

"Ukae kidogo tu, usije ukanimalizia maji."

Wateja walicheka, na wapita njia walicheka. Halafu angeingia ndani aniletee kodi, imekunjwa ndani ya kitambaa, haijapungua hata senti. Sikumwona akikosea hata siku moja. Ningekuwa na mpangaji mwizi ningemchunga. Huyu nilimpenda, kwa nini nisiseme? Nilimpenda kama ndugu, na hapo ndipo aliponishika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mume wangu akafa. Aliumwa kifua, akaenda Ndanda hospitali, akarudi, akafia nyumbani Mnyambe. Fundi alipopata habari alifunga cherehani akapanda baiskeli, akafika kabla ya ndugu zangu wengine. Alichimba kaburi pamoja na vijana. Akarudi uwanjani, akavaa kanzu ya marehemu, akaanza kutembea huku anakohoa vile vile alivyokohoa mume wangu, mkono mmoja kiunoni, na kuuliza kwa nini chai haina sukari. Wanawake waliokuwa ndani walilia na kucheka kwa pamoja. Ndiyo kazi ya mtani. Bila yeye msiba unakuelemea.

Jeneza lilipoletwa, kabla maiti haijatolewa ndani, akaruka akalala humo chali. Shehe akageuza uso. Wazee wakamwambia atoke, akafumba macho.

"Mimi nimekufa," akasema. "Siondoki mpaka nipewe nyumba ya Newala, pamoja na tangi."

Watu wote wakanitazama mlangoni. Macho yalikuwa yamenivimba hata sikuona vizuri. Nikasema kwa sauti, "Ichukue, ni yako, na panya wake wote. Toka humo mwenye safari yake aondoke."

Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Siku zote za msiba ule nilicheka mara hiyo moja tu. Kaka yangu, ambaye kwa mila zetu ndiye msimamizi wa mambo ya nyumba yetu, akamkamata jogoo mwekundu akampa fundi mkononi, maana anachokamata mtani msibani hukombolewa. Fundi akatoka jenezani, akabeba maiti bega kwa bega na wanangu wa kiume. Jioni akaondoka na jogoo amefungwa kwenye baiskeli, anawika njia nzima. Nilisema moyoni, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Nikaingia eda. Mjane hatoki, na mimi sikutoka. Kodi haikuletwa, na sikumtuma mtu, kwa sababu niliona aibu kumdai aliyenizikia mume. Hilo wanaokuja kuniuliza huwa nawaambia mara mbili. Ukikaa eda, ukiumwa, ukisafiri, tuma mtu. Mpangaji asizoee mwezi kupita hajakuona.

Nilipotoka eda, binti yangu alikuwa ameshaposwa na kijana mmoja wa soko la Newala. Tukaenda wote wawili kumwambia fundi atafute kwingine polepole. Tulimkuta barazani.

"Karibu nyumbani kwangu, mgeni," akasema.

"Asante, baba mwenye nyumba," nikajibu, nikacheka, nikakaa.

Yeye hakucheka. Alikanyaga cherehani mpaka akamaliza pindo la shati. Nikamwambia habari ya posa, nikamwambia na kodi alete aliyonayo. Akauliza, "Kodi ya nini? Nyumba ulinipa mwenyewe, mbele ya watu."

Nikaendelea kucheka. Nikamwambia mjusi huyu jua limempata. Binti yangu alikuwa amekwenda nyuma kuteka maji ya kunywa, akarudi na kikombe kikavu. Akasema, "Mama, tangi lina kufuli."

Kufuli halikuwa langu. Ndipo nikamtazama fundi usoni, nikaona yuko mbali na utani kama mimi nilivyo mbali na Ulaya. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, nami sikuwahi kufikiri usaha utatoka upande ule.

Tukaenda barazani kwa Liwali. Kaka yangu alikuja, na watu wa Mnyambe waliokuwa msibani walikuja. Fundi alifika amevaa koti alilolishona mwenyewe. Alipita mbele ya watu wote, akaja mpaka nilipokaa, akainama.

"Shikamoo, mama," akasema.

Sikuitikia. Waliokuwa karibu walidhani nina kiburi. Lakini nilikuwa nimeelewa, na moyo ulinichoma kuliko siku ya kufuli. Kwa neno lile moja alikuwa ameuvua utani akauweka chini, mbele ya watu, kwa adabu kabisa.

Akamweleza Liwali kwamba yeye na mimi si watani. Ukoo wake, ati, ni wa mbali zaidi, walihamia tu Masasi. Alinizikia mume kwa wema, na mimi kwa shukrani nikampa nyumba. Mashahidi wakaulizwa kama nilitamka kwamba nyumba ni yake. Watu wa Mnyambe hawajui kusema uongo barazani, wakasema ndiyo, alitamka.

Liwali akanigeukia. "Mama, ulitamka?"

"Nilitamka."

Kaka yangu akasimama kusema habari ya jogoo. Fundi akajibu kwa upole kwamba jogoo alipewa kama kitoweo cha njiani, kwa sababu alikuwa ametoka mbali. Minong'ono ikaanza. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, ile shingo yake, nikaona bonde lote lile linamsubiri.

Wallahi sikupanga nilichosema. Kilitoka kwa hasira.

"Bwana Liwali," nikasema, "mimi nakubali. Huyu si mtani wangu. Basi mwulize, kama si mtani, alivaa kanzu ya mume wangu kama nani? Alilala ndani ya jeneza la mume wangu, akafumba macho, akasema amekufa. Mtani akifanya hivyo tunacheka. Asiye mtani akifanya hivyo anaitwaje? Watu wote wa Mnyambe wako hapa, walimwona. Waniambie, tumwite jina gani?"

Minong'ono ikakatika. Jina hilo hakuna aliyelitaja, na hakuna aliyehitaji kulitaja. Asiye mtani anayechezea jeneza la watu kwetu ana jina moja tu, na mwenye jina hilo hapelekewi nguo kushona, halishwi, halali penye watu. Mzee mmoja aliyekaa karibu na fundi akasogeza miguu yake kando.

Fundi alilowa jasho. Liwali akamwuliza taratibu, "Wewe ni nani wa mama huyu?"

Akajifuta uso kwa mkono wa koti. Mwishowe akasema, akiangalia sakafu, "Mimi ni mtani wake."

"Basi jogoo ulimla," Liwali akasema, "na nyumba ikakombolewa. Mrudishie mama funguo zake."

Watu wakanipongeza, kaka yangu akanishika mkono. Mimi sikuona raha. Niliumia, na sasa hivi ninavyosimulia bado naumia. Angeiba bati ningesema ana njaa. Lakini alichukua kicheko changu cha msibani, siku ambayo sikuwa na kingine, akakiweka akiba ili aje kunidai nacho. Na utani aliurudia kwa kubanwa, kama mtu anayerudi kuchukua koti kwa sababu mvua inanyesha.

Siku ya kuhama tulikwenda na binti yangu. Fundi alikuwa ameshafunga cherehani kwenye baiskeli, na jirani zake wa sokoni walikuwa wamesimama kutazama. Akafungua lile kufuli la tangi, akalitia mfukoni. Akanipa ufunguo wa mlango. Halafu akacheka kidogo, kile kicheko chake cha zamani, akasema kwa sauti watu wasikie, "Haya, mgeni, nitunzie nyumba yangu. Usije ukanimalizia maji."

Jirani wakatabasamu, wakaningoja mimi. Mtani akikurushia neno hulirudishi kavu bila mzaha, ni aibu. Nilikuwa na majibu mengi, na mengine yalikuwa mazuri. Yeye mwenyewe alikuwa ananitazama kwa hamu, na naapa niliona kwamba alikuwa ananiomba. Nikakumbuka kwamba kuna neno aliniambia barazani kwa Liwali na sikuwa nimemwitikia.

"Marahaba, baba," nikasema.

Tabasamu likamtoka usoni. Akasukuma baiskeli yake akaondoka, na mimi nikamwambia binti yangu alete kikombe.