Mita Ishirini za Babu

Dada yangu amesafisha mabanda ya farasi kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anajua kupanda. Anajua! Alijifunza alfajiri, kabla wenye farasi hawajaamka, juu ya Babu, farasi mzee wa kijivu ambaye klabu ilishamkatia tamaa. Eti mvivu. Wavivu ni wao.

Mwaka huu mwalimu mkuu wa klabu akamwambia, "Ingia mashindano ya farasi kwa muziki. Ukifikisha alama sitini kwa mia, darasa la watoto wanaoanza ni lako."

Dada alirudi nyumbani akakaa kitandani na mabuti yake ya bandani. "Mdogo wangu," akasema, "nalitaka hilo darasa kuliko chochote duniani."

Ukiutazama mchezo huo utadhani farasi anacheza apendavyo. Thubutu! Wimbo na mpangilio unachagua mwenyewe, lakini yapo mambo ya lazima. Usimame na kutoa heshima, mwanzo na mwisho. Farasi aende mchakamchaka kimshazari, kulia na kushoto. Akimbie na kubadilisha mguu unaotangulia. Tena atembee tu, mita ishirini mfululizo. Ukisahau moja, hapo unapewa sifuri, na sifuri moja ingetosha kummaliza dada. Nayajua yote kwa sababu aliyafanyia mazoezi sebuleni kwetu, ufagio mkononi, huku mama akikunja miguu kwenye kochi kumpisha.

Wimbo ulikuwa ule anaouimba kwa mluzi kila siku akimpiga Babu brashi na kumpeleka malishoni. Jirani yetu aliurekodi kwa kinanda. Katikati una sehemu ya polepole, na hapo ndipo dada alipopanga kutembea.

Siku ikafika. Koti nilimshonea mimi, na lilimkaa, wacha nijisifu. Nikakaa karibu na mwalimu.

"Mama, hapa hakuna kumwelekeza mpandaji," akanionya. "Ukimkumbusha kitu, anaondolewa."

Uwanja mzima ulikuwa umejaa watu, lakini aliyeonywa ni mimi peke yangu. Sikumlaumu, mdomo wangu hauna breki.

Muziki ukaanza. Dada akasimama, akatoa heshima, akaenda mchakamchaka. Kimshazari kulia, kimshazari kushoto, safi kabisa! Kisha ikaja ile sehemu ya polepole, nami nikaona miguu yake inambana Babu akimbie. Mungu wangu, amesahau kutembea! Miaka kumi na tisa ya kuzoa samadi, na darasa linapotea mbele ya macho yangu. Neno "tembea" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikajiziba mdomo kwa mtandio wangu, nikauuma.

Babu akalaza sikio moja nyuma. Akapunguza mwendo, akaanza kutembea.

Dada akambana tena. Babu kimya, kama si yeye anayeambiwa. Hapo nikauona uso wa dada ukibadilika. Akalegeza hatamu, na mzee akanyoosha shingo akatembea kama anavyokwenda malishoni kila asubuhi, bila haraka na mtu. Nilihesabu mita zote ishirini huku machozi yananitoka.

Alipata sitini na moja. Nilipiga vigelegele mpaka mwalimu akasogeza kiti. Kwenye karatasi ya alama, penye mstari wa kutembea, jaji aliandika: "Bora kuliko wote leo. Mpandaji ametulia." Ametulia! Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini dada hajui kudanganya. Akamfuata mwalimu. "Mwalimu, mimi nilisahau. Aliyekumbuka ni Babu."

Nikatamani kumfinya. Sitini na moja unayo mkononi, unakwenda kuirudisha?

"Niliona," mwalimu akasema. "Wengine wangemchapa. Jumamosi saa mbili asubuhi, usichelewe."

Jumamosi nilikwenda kuchungulia. Watoto sita walikuwa wamepanga foleni, na wa kwanza alikuwa juu ya Babu, akizungushwa taratibu kwa mluzi wa dada. Alipofika mbele yangu akamuuliza dada, "Shangazi, tutakimbia lini?"

"Mimi sijui," dada akamjibu. "Muulize Babu."