Tundu Katika Mfupa wa Shavu la Mume Wangu

Kosa ni langu, wala sitamsingizia mtu. Nilimhukumu rafiki wa mume wangu kwa sababu ya tundu dogo katika mfupa wa shavu. Nilipoujua ukweli, nikanyamaza.

Mume wangu alipotelea msituni wakati wa mvua, akirudi Kasongo kutoka Lusangi. Alikuwa na mwenzake wa kuwinda, ambaye nitamwita Baba Sefu. Baba Sefu alirudi peke yake, akasema waliachana njia panda kwa kuwa mume wangu alitaka kupitia mitego yake.

Tarehe 9 Agosti wachimbaji dhahabu walituletea mifupa na mkanda ndani ya gunia. Mkanda niliujua, niliushona mimi. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza katika shule ya wauguzi, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, na ukoo wote uliniita Mama Dokta. Sikukubali mtu mwingine aioshe mifupa ile.

Kwenye fuvu niliona tundu chini ya jicho la kulia, kwa nje kidogo: jembamba, la mviringo. Nikageuza upande wa kushoto. Hapakuwa na kitu. Nikawaza kwamba Mungu huumba pande mbili sawasawa, basi hili limetobolewa. Na bunduki ya Baba Sefu ilipiga risasi ndogo kama punje za mtama.

Shemeji yangu mkubwa akauliza, "Mama Dokta, weye ndiye umesoma. Hii iko nini?"

"Ni risasi," nikasema.

Ole wangu! Hata "nadhani" sikusema.

Baba Sefu hakupaza sauti. "Shemeji, mimi sikumupiga. Unanijua." Nikamgeuzia mgongo. Kabla jua halijachwa nyumba yake ilikuwa imechomwa, naye amekimbilia Salamabila, kwenye mashimo ya dhahabu. Mkewe akaenda kwa ndugu zake, Kabambare.

Tarehe 14 Oktoba, mwaka wa pili wa masomo, mwalimu wa anatomia alishika fuvu la mafunzo akatuonyesha tundu lile lile. Alieleza kwamba hapo hupita neva nyembamba inayoipa ngozi ya shavu hisia. "Kuna mwenye moja, kuna mwenye mawili, na kuna mwenye upande mmoja tu." Wenzangu waliandika. Mimi nilijipapasa chini ya jicho.

Ningeweza kumwendea shemeji mkubwa siku ile ile nikakiri. Niliahirisha mpaka baada ya mitihani. Kwa kweli niliogopa kuchekwa, mama mzima niliyejitia udaktari! Mwezi Februari shimo likamfunika Baba Sefu. Hawakumtoa.

Tangu hapo sikai na mtu bila kumtazama chini ya jicho. Usingizini namsikia Baba Sefu akiniita shemeji, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anaomba maji.

Nimelisafisha jina lake mbele ya ukoo. Yeye hayupo kulisikia. Kisha nilipanda pikipiki hadi Kabambare, nikamwambia mkewe yote. Aliendelea kumenya mihogo. Mwishowe akauliza kama nilijua tangu mwezi wa kumi. Nikakubali.

"Mwezi wa kumi na mbili alituma mutu kuuliza kama anaweza kurudi," akasema. "Tulimujibu angoje."

Ndugu msomaji, ukisoma kidogo, watu watakuuliza makubwa. Sema hujui. Na kama umekwisha kumchafua mtu, usingoje siku iliyo nzuri kwako. Nenda leo, maana huko aliko naye anangoja.