Daktari Aliyechaguliwa na Bonifasia

Kijiji kizima cha Kitura kilijua kwamba Bonifasia hauziwi kitu kibovu. Akienda kutafuta miche ya kahawa, kwanza atataka kujua mbegu imetoka shamba la nani, na mwenye shamba ni mtu wa namna gani. Mpwa wake alipoleta mchumba, Bonifasia ndiye aliyetumwa kumchunguza yule kijana: ukoo wake, parokia yake, nani alimsimamia kipaimara, baba yake aliishije na majirani. Alirudi na jibu, na jibu lake halikupingwa na mtu. Kaka yake Alphonce alipenda kumtania mbele ya wageni.

"Huyu dada yangu, siku akifika mbinguni, Mtakatifu Petro atajuta. Ataulizwa hizo funguo kapewa na nani, na huyo aliyempa ni mtoto wa nani."

"Na asiponijibu vizuri nitarudi zangu Kitura," Bonifasia alimjibu, bila kucheka.

Alikuwa mjane. Mumewe Bernadi alimwachia kahawa, mashimo ya ngoro ya kulimia mahindi kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba, na binti mmoja tu, Jacqueline. Vyote alivishika kwa mkono mgumu. Kahawa ilipaliliwa kwa wakati, na binti alisoma mpaka chuo cha ualimu, akapangiwa shule ya msingi huko Tingi, akapewa darasa la kwanza.

Jacqueline alikuwa na kovu. Wakati anaanza kutambaa alivuta sufuria ya uji, uji ukamuunguza kuanzia chini ya sikio la kulia mpaka karibu na kidevu. Makovu ya watu wengine hutulia. Lake lilinenepa mwaka hata mwaka, likainuka juu ya ngozi kama kamba iliyosukwa. Alilifunika kwa kilemba cha kitenge kilichoshuka hadi shingoni, hata kwenye jua la mchana. Watoto wa darasani hawakulijali, watoto huzoea. Wakubwa ndio hawakuzoea. Likizo moja alirudi nyumbani, akakaa jikoni karibu na mama yake, akasema:

"Mama, nataka hiki kitu kitoke. Sitaki kuzeeka nacho."

Kutaka uso safi si dhambi, wala si upumbavu. Upumbavu huja baadaye, pale mtu anapochagua mkono utakaoshika kisu. Bonifasia hakumkemea binti yake. Alifunga safari naye hadi Songea, wakakaa kwenye benchi la hospitali mpaka wakaitwa.

Daktari aliyewapokea alikuwa kijana, jina lake Henry. Alimshika Jacqueline kidevu, akageuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha, akalibonyeza kovu taratibu, kisha akakaa.

"Mimi hili siligusi," alisema.

"Kwa nini, baba?" Bonifasia aliuliza.

"Kwa sababu sikusomea. Mimi ni daktari wa kawaida. Makovu ya aina hii, ukikata tu, mengi yanarudi, tena makubwa kuliko mwanzo. Anatakiwa bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Nitawaandikia rufaa mwende hospitali kubwa. Na hata huko wanaweza kuanza na sindano za kulilainisha kabla ya kisu. Lazima mjue kwamba linaweza lisiishe kabisa."

Bonifasia alishukuru kwa adabu. Walipotoka nje ya geti alitema mate pembeni.

"Daktari gani anasema sikusomea? Nimetoka Kitura kuja kusikia mtu akisema hajui?"

"Mama, amesema twende kwa bingwa."

"Na amesema huyo bingwa naye anaweza kushindwa. Sasa tunakwenda kufuata nini?"

Hapo ndipo alipokosea, ingawa hakujua. Katika safari yote ile alikuwa amekutana na mtu mmoja mkweli, naye alimdharau kwa ajili ya ukweli wake.

Habari za Tarsisi alizipata kanisani, baada ya misa, kutoka kwa wanawake wa jumuiya. Walisema yupo daktari Mbamba Bay anayetoa makovu, anayeshona masikio yaliyochanika, hata matiti anapunguza. Tena si mgeni. Ni mtoto wa marehemu Raimundi, yule katekista aliyefundisha nusu ya watu wa tarafa ile sala zao. Alifanya kazi miaka mingi katika hospitali moja ya misheni.

Huku kwetu mtu aliyewahi kuvaa koti jeupe katika hospitali ya misheni huitwa daktari mpaka anazikwa. Aliyechoma sindano ni daktari. Aliyefua mashuka ya wagonjwa ni daktari. Watu humsimamisha njiani na kumwonyesha vidonda vyao, naye huona aibu kuwasahihisha, mwisho aibu inamwisha. Tarsisi alikuwa amechemsha vyombo vya upasuaji, akasukuma machela, akashika taa pale umeme ulipokatika. Alijifunza kufunga nyuzi kwa kuangalia. Alipostaafishwa, alikodi chumba nyuma ya duka la dawa, karibu na ufukwe, akapaka kuta rangi nyeupe.

Bonifasia alishuka Mbamba Bay peke yake kwanza, kwenda kumchunguza kama alivyomchunguza yule mchumba.

"Shikamoo, mama," Tarsisi alisema. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kucha safi na sauti ya chini.

"Marahaba. Wewe ndiye wa Raimundi?"

"Ndiye mimi. Wa mwisho."

"Mama yako alikuwa wa kwa nani?"

Akamtajia. Kumbe bibi yake Tarsisi na bibi yake marehemu Bernadi walitoka kilima kimoja. Bonifasia alivuta stuli, akakaa vizuri. Akamuuliza kama ana ndoa ya kanisani. Anayo. Akamuuliza kama anakunywa pombe. Hagusi. Anasali parokia gani, watoto wake wako wapi, padri anamfahamu? Yote yalijibiwa, na yote yalikuwa kweli. Yule mtu hakudanganya hata neno moja.

"Na hili kovu la binti yangu, utaliweza?"

"Shemeji," alisema Tarsisi, ambaye sasa alikuwa ndugu, "nimeona nyuso nyingi zikishonwa kuliko wewe ulivyoona magunia ya kahawa. Litatoka, na halitarudi."

Hilo ndilo jibu alilokuwa akilitafuta tangu Songea. Alirudi Kitura ameridhika, akamwambia Jacqueline kwamba wamepata mtu wa kwao.

"Amesomea, mama?" Jacqueline aliuliza.

"Mtoto wa katekista. Hanywi pombe. Ni ndugu wa baba yako. Wewe unataka nini zaidi?"

Jacqueline alikuwa amezoea kwamba mama akishauliza maswali, maswali yamekwisha.

Siku ya kazi, Bonifasia alikaa nje kwenye benchi, upande wa ziwa. Wanawake walikuwa wakianika dagaa kwenye vichanja, wakisimuliana na kucheka. Kutoka ndani alisikia kwanza mlio wa vyuma kwenye beseni, kisha sauti ya Tarsisi ikisema, "Vumilia, mwanangu, ganzi itashika sasa hivi." Ganzi haikushika vizuri. Jacqueline alilia kwa sauti ya kuziba, kama mtu aliyewekewa kitambaa kinywani. Baadaye Tarsisi alitoka kuchukua pamba nyingine, na Bonifasia akaona damu imefika kwenye viwiko vyake. Alishika rozari yake. Hakusimama. Alijiambia kwamba kila kazi ina damu yake, kwamba mtu wa ukoo hawezi kumharibia.

Uso ulivimba. Kidonda kilitoa usaha. Uvimbe ulipoanza kushuka, Jacqueline alijitazama kwenye kioo na kujaribu kutabasamu, na upande wa kulia wa mdomo haukusogea. Walirudi kwa Tarsisi.

"Ni uvimbe," alisema. "Utarudi wenyewe. Tusali, shemeji."

Wakasali. Walingoja mavuno yote ya kahawa yakapita, Jacqueline akiwa na ruhusa ya ugonjwa shuleni, maji ya kunywa yakimtoka pembeni mwa mdomo, na kovu jipya likichomoza juu ya mishono, jekundu, pana kuliko la zamani. Alphonce ndiye aliyekuja siku moja, akamtazama mpwa wake akila, akaweka sahani yake chini.

"Dada, huyu mtoto unampeleka hospitali kubwa au nimpeleke mimi."

Bingwa waliyempata huko alikuwa mwanamke, Daktari Beata, mwenye mvi na miwani mizito. Alimwambia Jacqueline apulize hewa, akunje midomo, aonyeshe meno ya chini. Kisha akamgeukia mama.

"Nani alimkata?"

"Daktari Tarsisi, wa Mbamba Bay."

"Tarsisi yupi?"

"Wa Raimundi, yule katekista. Mama yake ni wa..."

"Mama, sikuuliza baba yake. Alisomea wapi upasuaji?"

"Alifanya kazi hospitali ya misheni," alisema Bonifasia.

"Amesajiliwa na baraza la madaktari? Leseni yake uliiona?"

"Sikuiona."

"Alikwambia kwamba hapa, chini ya taya, unapita mshipa wa fahamu unaovuta mdomo? Alikwambia kovu la namna hii hurudi? Kama damu ingekataa kukatika, alikuwa na nani wa kumsaidia?"

"Hakusema."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kama anakunywa pombe," alisema Bonifasia.

Daktari Beata hakucheka. Alivua miwani, akaisugua kwa koti. "Ule mshipa umekatwa. Mngekuja siku zilezile, labda tungeuunganisha. Sasa misuli imekaa bila kazi muda mrefu. Kovu tutalipunguza kidogo kidogo kwa sindano. Mdomo siwezi kukuahidi." Akamtazama Bonifasia. "Na mimi hujaniuliza chochote, mama. Nitamshika binti yako usoni, na hujui nimesoma wapi. Niulize."

Yule mwanamke ambaye Mtakatifu Petro angejuta kukutana naye alikaa mikono mapajani, akatafuta swali. Halikuja. Jacqueline ndiye aliyeuliza, taratibu, akishikilia pembe ya mdomo kwa kitambaa ili maneno yatoke sawa: daktari amesomea wapi, ameshatibu makovu kama hili mara ngapi, na yale yaliyoshindikana yalishindikana kwa sababu gani. Alijibiwa yote, hata yale yaliyoshindikana.

Bonifasia aliporudi alikwenda kwa mganga mkuu wa wilaya, akasema kila kitu. Chumba cha nyuma ya duka la dawa kikafungwa kwa kufuli. Tarsisi alikuwa amekwisha kuvuka ziwa, na wengine walisema huko ng'ambo ameanza tena kuitwa daktari. Kwenye jumuiya, wanawake waliomsifia walisogeza mikeka yao mbali na mkeka wa Bonifasia. Walisema ametaka kumfunga mtoto wa katekista kwa sababu ya urembo. Kilichomsumbua hakikuwa wao.

Shule ilipofunguliwa Jacqueline alirudi kazini. Mama yake alimfuata baada ya muda, akiwa na kikapu cha mahindi mabichi. Mwalimu mkuu akamwelekeza darasani, naye akasimama dirishani kungoja kipindi kiishe.

Watoto wa darasa la kwanza Tingi huja shuleni na lugha ya nyumbani. Kiswahili wanakipokea kutoka kwenye mdomo wa mwalimu, wanautazama, wanaufuata. Jacqueline aliandika ubaoni, akawageukia, akasoma kwa sauti.

"Ba."

Darasa zima likaitikia. Bonifasia aliona midomo midogo ikivutwa upande mmoja, wote upande uleule, upande wa kulia umelazwa kwa makini, mwingine akijisaidia kwa kidole kuushusha vizuri. Hakuna aliyekuwa akimdhihaki. Msichana mmoja wa mbele, ambaye mdomo wake haukupinda vya kutosha, alitazama tena mwalimu wake, akarekebisha.

"Be," alisema Jacqueline.

Wakaitikia. Jacqueline naye alikuwa ameiona midomo yao. Alisimama na chaki mkononi, akawatazama mmoja mmoja mpaka nyuma, kisha macho yake yakafika dirishani na kukutana na ya mama yake. Aligeukia ubao, akaendelea kuandika, na akawaambia wasome wenyewe, macho ubaoni.