Ukuta Ulionyooka Kupita Kiasi

Habari za kifo chake nilizipata asubuhi kwa muuza maziwa, nami sikuziamini mpaka nilipofika kwake, hapahapa Pasiansi, na kukuta turubai limefungwa mbele ya nyumba. Ndivyo nilivyo, na ninyi mnaonisoma kila wiki mmeshanizoea. Marehemu alikuwa jirani yangu, mkunga mstaafu aliyekuja Mwanza kikazi kutoka Bukoba na kuzeekea hapa. Alikuwa mwanamke wa kuhoji. Ukimpelekea samaki alimfunua mashavu kwanza, ndipo akaitikia salamu yako. Ukimpigia simu kumwambia uko njiani, alikuuliza njiani wapi hasa. Nilimpenda kwa hilo, maana mimi nami ni mtu wa kushuku, na watu wa namna yetu hatualikwi sana.

Nyumba yake, kama nyingi za huku mlimani, iliegemea jiwe kubwa ambalo hakuna aliyeliweza. Jikoni alikuwa na jiko la chuma la kuni, na moshi wake ulipanda kwenye dohani ya matofali iliyojengwa kwa kulifuata jiwe lile. Kwa hiyo ukuta wa dohani ulikuwa umevimba huku na kubonyea kule. Nyuma ya ukuta huo kilikuwa chumba cha mama yake mzazi, bibi aliyeletwa kutoka kijijini kwa sababu ya kifua kibovu. Matofali yakaanza kuachana, moshi ukawa unapenya, na bibi akawa hapati usingizi kwa kukohoa. Ikaamuliwa ukuta upigwe lipu. Fundi hakutafutwa mbali, kwani mume wa mdogo wake ndiyo kazi yake, na kwetu ukiwa na shemeji fundi halafu ukamwita mtu baki, utasemwa kwenye kila harusi ya ukoo.

Kazi ilipokwisha, ndugu na majirani tukaitwa kuona jiko likiwashwa. Tulipikiwa ndizi, na ukuta ule ulikuwa umenyooka kama wa benki. Kila mtu alimsifu fundi. Mimi niliendelea kula, ila nilimwona jirani yangu anauangalia ukuta kwa lile jicho lake.

"Waitu, shemeji, pale palipobonyea pamekwenda wapi?" akauliza, kwa ile "waitu" ya heshima ya Kihaya.

"Nimepajaza, shemeji. Si mlisema mnataka unyooke?"

"Umepajaza nini?"

"Lipu tu. Wewe kula kwanza, ndizi zinapoa."

Hapo bibi akakohoa kule chumbani. Fundi akasema ni harufu ya saruji mbichi, itaisha. Jirani yangu akaweka sahani chini, akaanza kuugonga ukuta kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Alipofika katikati, ukaitika kama debe tupu. Akatoka nje, akarudi na nyundo.

"Dada, usinidhalilishe mbele ya watu!" mdogo wake akasema, huku akimshika mkono.

"Anayekohoa ni mama yako pia. Niachie."

Kipande kikubwa cha lipu kilianguka. Nyuma yake tukaona mifuko mitupu ya saruji, ile ya karatasi, imekunjwakunjwa na kushindiliwa. Iliyogusa matofali ilikuwa imeanza kubabuka kwa joto. Nyufa zilikuwa palepale, hazikuzibwa, na moshi uliokosa njia ya jikoni ulikuwa unazunguka na kutokea chumbani kwa bibi. Niliogopa, nasema kweli. Kuni zikiendelea kuwaka, kikongwe yule angeungua akiwa kitandani, nasi tuko hapa tunamsifu fundi.

"Lipu nene ingedondoka, shemeji," fundi akasema akiangalia chini. "Na kuipiga kidogokidogo ingechelewa. Wageni mlishawaita."

Mdogo mtu aliondoka analia, na kwa muda mrefu hakukanyaga nyumba ile. Mimi nilidhani fundi naye hataonekana tena. Kesho yake nikamkuta yupo, anabomoa, na jirani yangu amekaa kando yake kwenye kigoda. Nikamuuliza kwa nini asitafute fundi mwingine.

"Simwamini," akanijibu, fundi akisikia. "Ndiyo maana nataka afanye nikiwa nimekaa hapa."

Shemeji aliziba nyufa kwa udongo wa kichuguu, akapiga lipu nyembamba, akaiacha ikauke, ndipo akaongeza nyingine, akiufuata ukuta ulivyo. Ukabaki na kitambi chake. Hakuna aliyeitwa kuja kuutazama.

Tangu hapo kila kilichonyooka kupita kiasi hunitia wasiwasi: hotuba isiyo na kigugumizi, taarifa ya mradi isiyo na tatizo, barabara inayopakwa rangi kabla mgeni hajafika. Tunaona kuuliza ni utovu wa adabu, na kumuuliza ndugu ni uadui kabisa, kwa hiyo tunakula ndizi na kusifu. Lakini nimejifunza pia kuwa shaka yangu na yake hazikuwa kitu kimoja. Mimi nikishuku hunung'unika, nikaenda zangu nyumbani kuandika. Yeye akishuku alibaki, akahakikisha kimerekebishwa, na aliyekosea akapata nafasi ya kufanya vizuri.

Msibani, walipoitwa ndugu kusema, mdogo wake alisimama. Hakuwa na maneno mengi. "Dada aliniaibisha mbele ya watu, na nilimnunia sana," alisema. "Lakini mama yetu alikufa kwa uzee, akiwa usingizini, kifua kimetulia." Mume wake, yule fundi, akamshika bega akamketisha.

Basi mtu akiikagua kazi yako kwa jicho kali, usikimbilie kununa. Jiulize kwanza ni nani analala nyuma ya ukuta.