Unga wa Moto na Panga la Ndege

Ilianza Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini jioni, nyumbani kwa bibi, Mugoma. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa naiangalia kila mara, nisije nikazidisha kuchaji betri.

Nilikuwa nimekaa uani na ndege ya rimoti ya klabu yetu ya sayansi mapajani. Shuleni mimi siongei, hata jibu nikilijua, kwa hiyo mpaka leo sielewi kwa nini mwalimu wa fizikia alinikabidhi mimi. Kazi ilikuwa kuifungia panga, kile kitu kinachozunguka mbele na kuivuta ndege, ambacho kitabuni wanakiita rafadha. Ingerushwa mara ya kwanza Jumamosi asubuhi. Ndege ni ya sponji, imetumika, na ilikuja bila karatasi ya maelekezo. Mota ni moja. Ikiungua hatuna nyingine, na klabu inabaki na sponji lenye mabawa.

Mapanga yalikuwa mawili. Moja limeandikwa kumi kwa saba, jingine nane kwa nne. Namba ya kwanza ni urefu kwa inchi, ncha hadi ncha. Ya pili inaonyesha limepinda kiasi gani. Ikiwa kubwa, panga linachota upepo mwingi kila likizunguka. Erasto, mwenyekiti wetu, alikuwa ameshaamua.

"Funga hilo kubwa," aliniambia mbele ya watu. "Hilo dogo ni feni ya kupoza uji."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, ingawa moyoni nilikuwa nasema tungepima kwanza.

Basi nikafunga kubwa, nikabana ndege kati ya magoti, nikawasha. Upepo ukapeperusha maganda ya maharage aliyokuwa anachambua bibi. Nisidanganye, nilifurahi.

"Zima," bibi akasema bila kuinua macho kwenye ungo.

"Bibi, ndiyo kwanza naianza."

"Zima. Hiyo mashine inalia."

Nikazima. Akaniambia niweke kidole kwenye mota. Nilikiondoa haraka nikakitia mdomoni. Hata nusu dakika ilikuwa haijafika.

Nilijua bibi aliwahi kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Siku zote nilidhani alikuwa anafagia. Akasogeza ungo pembeni, akanyoosha miguu kwenye mkeka, akaanza. Naandika maneno yake nilivyoyashika.

"Mwanangu, nilikuwa na umri unaokuzidi wewe sasa kama miaka miwili hivi. Kule Mabawe kulikuwa na mashine ya dizeli ya mzee mmoja tukimwita Mzee Bernado. Kweli nilianza kwa kufagia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye injini. Alipoona sichoki kuuliza, akanifundisha kuwasha, kufunga mkanda, kubadilisha chekeche. Wanaume walikuwa wanakuja kunitazama tu, wanasema huyu msichana atakatwa mkono. Sikukatwa. Nilikuwa hodari, na nilijua kwamba mimi ni hodari. Hapo ndipo nilipokosea.

"Siku moja mzee alikwenda Ngara mjini, akaniachia funguo. Foleni ikawa ndefu, akina mama na madebe yao, wengine na watoto mgongoni. Wakaanza: wewe binti, leo tutalala hapa? Kulikuwa na puli kubwa, gurudumu la kupitishia mkanda, pale stoo. Nikajua, nikiifunga hii kwenye injini, mawe ya kusagia yatazunguka upesi zaidi. Nikachukua spana nikafunga. Na kweli, mwanangu, mashine ilikimbia. Debe linaisha kabla mwenyewe hajamaliza kufungua fundo la kanga atoe hela. Wakanishangilia. Hujawahi kushangiliwa wewe, hujui jinsi inavyoziba masikio.

"Debe la kwanza, nikakinga unga kwa kiganja, ndivyo tulivyokuwa tunapima. Ulikuwa wa moto. Debe la tatu, moto zaidi, na injini inatoa moshi mweusi, inakohoa. La sita, ikanyamaza. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, iliungua.

"Mzee alirudi jioni. Nilitegemea kofi. Akakaa juu ya gunia, akaniuliza, 'Unga ulikuwa wa moto?' Nikasema ulikuwa wa moto. 'Kiganja chako kilisikia?' Kilisikia. 'Ukafanya nini?'

"Nikamwambia ukweli. Nikaongeza mahindi.

"Hakunipiga. Alisema, 'Ungekuwa hujui ningekusamehe leo leo. Wewe ulijua.' Kisha akanituma kwenye kila nyumba iliyokuwa na mahindi kwenye foleni, nikawaambie mwenyewe kwamba mashine nimeiua mimi. Wiki tatu wale akina mama walitwanga kwa mikono. Mmoja alikuwa ametoka kujifungua. Nilienda kumtwangia, sikutumwa."

Nilimtazama mikono, nikaona makovu mawili kwenye kidole gumba ambayo miaka yote nilidhani ni ya jembe. Sijawahi kumwonea mtu fahari kiasi kile.

"Mimi ndege siijui," akaendelea. "Lakini mzigo naujua. Kitu kidogo umekibebesha kitu kikubwa, ukasikia kinalia, ukafurahi kwa sababu maganda yanaruka. Anza na hilo dogo. Unajifunza, hujaenda kushindana. Washa kidogo, zima, gusa. Kidole kikistahimili, endelea. Kisipostahimili, usijifanye hukusikia. Na anayekucheka mwache acheke, lakini mwambie ulichokigusa. Ukinyamaza na mota ikaungua, mtakuwa mmeiunguza wote wawili."

Akanichorea msalaba kwenye paji la uso kwa kidole chenye vumbi la maharage. "Mungu akupe mikono inayosikia, na mdomo wa kusema mikono ilichosikia. Haya, nenda kapige deki."

Asubuhi, saa kumi na mbili, nilipitisha sindano kwenye tundu la panga dogo, nione kama pande zake zinalingana uzito. Upande mmoja ukashuka. Nikausugua kwa msasa mpaka zikakaa sawa pande zote, nikalifunga namba zikitazama mbele. Nikawasha nusu dakika, nikazima, nikagusa. Vuguvugu tu.

Uwanjani Erasto aliliona kabla sijamsalimia. "Si nilikwambia kubwa?"

"Kubwa nimelijaribu jana," nikasema. "Linaiunguza mota. Kidole changu hiki hapa."

Akakiangalia, kimevimba ncha. "Na hili litairusha?"

"Sijui. Ila haliiui."

Mwalimu akanipa rimoti. Erasto mwenyewe ndiye aliyeirusha kwa mkono, na akairusha vizuri. Ilishuka kidogo, nikadhani basi, halafu ikajiinua, polepole, ikapita juu ya miti ya goli. Sekunde kama arobaini. Nilipojaribu kukata kona ikanielemea, ikaanguka kwa pua kwenye shamba la maharage la shule.

Wote wakanigeukia wakinisubiri nilie. Nikakimbia, nikaiokota. Panga limepasuka ncha, bawa lina mchubuko. Mota ilikuwa inazunguka laini.

"Erasto," nikaita, na uwanja mzima ulisikia, "leta gundi. Na uangalie kama mwalimu ana panga jingine la nane."