Siku Baba Alipoanika Betri

Nilipoingia uani kwa wazazi wangu, Kalenga, Iringa, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa betri ya sola. Ilikuwa imelala juu ya mkeka, katikati ya maharage yaliyoanikwa. Pembeni yake, kwenye kigoda, baba alikuwa ameketi na ufito mrefu mkononi, anawafukuza kuku wasiidonoe.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu, kama mtu ambaye hajafanya lolote.

Sikuitikia. Kwetu kutoitikia salamu ya mzazi ni jambo zito, na mimi nalijua, ila hasira zangu ni moto wa mabua. Zinawaka ghafla, zinazima haraka, lakini aliyekaa karibu huwa ameshaungua.

Acha nieleze betri ile ilifikaje pale. Kuku wa nyumba yetu ni wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, wenye sura ya kuchekesha kama wazee waliosahau kola. Bibi, mama yake baba, alikuja nao alipoolewa. Nimewakuta, nimekula mayai yao, nimefukuzwa na majogoo wao. Mwaka ule, baada ya mvua, kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, kilipita kijijini, na katika wiki moja tukabaki na majike watatu na jogoo mmoja. Mama aliniambia kwenye simu huku analia. Nyuma yake nilisikia jembe. Baba alikuwa anachimba shimo la kuwafukia.

Mimi naishi Uyole, nauza mbegu za viazi karibu na soko, na nyumbani kwangu nina sola. Kwa hiyo najiona mtaalamu. Nikamwambia mama aniachie mimi. Nikanunua mashine ndogo ya kutotolesha vifaranga, nikamtuma fundi wangu kutoka Mbalizi akafunge paneli mbili juu ya bati na betri ya lithiamu ndani, kwa sababu nyumba ya wazazi iko ng'ambo ya kijito na nguzo za umeme hazijavuka. Nilimweleza mama kwamba jua la mchana litaingia kwenye lile boksi jeusi na kukaa humo, na jua likizama, mayai yatakuwa yanaota joto lake kidogo kidogo mpaka asubuhi.

Mama hakuniamini. "Kuku wa maskini hatagi," alisema, "akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe. Sasa wewe umemwongezea na waya."

Lakini alikusanya mayai kwa siku kumi, akapata ishirini na mawili. Baba aliyaandika namba kwa penseli, moja baada ya jingine. Alikuwa mwalimu wa sayansi shule ya msingi hadi alipostaafu, na chochote kinachopita mikononi mwake kinapata namba.

Siku kumi na nne mambo yalikwenda vizuri, na mimi Uyole nilijisifu kwa kila mteja aliyekuja kununua mbegu. Kisha ukaingia ukungu wa Julai. Betri ile ina taa nne ndogo za kuonyesha imejaa kiasi gani, na kila jioni baba alinisomea kwenye simu. "Tatu." Kesho yake, "Mbili." Kesho yake tena, "Moja."

"Chomoeni televisheni," nilimwambia. "Na msiguse kitu kingine. Nakuja."

Nilipanda basi alfajiri. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na nane ya mayai, bado tatu. Ukungu uliondoka tukiwa njiani, saa nne hivi, na nikamshukuru Mungu kwenye kiti changu. Nilijua paneli zimeanza kazi na betri inakula. Sikujua kwamba saa nne ileile baba alichukua spana, akafungua nyaya, akaipakia betri kwenye toroli na kuitoa nje ikaote jua.

Wenzangu wa umri wangu watamwelewa. Sote tumekulia kwenye nyumba zenye redio ya mawe, yaani betri kavu. Sauti ya mtangazaji ikianza kufifia, mawe yanatolewa, yanang'atwa kidogo, yanawekwa juani siku nzima, na jioni yanapata nguvu ya kutosha taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Baba hajawahi kutupa jiwe la redio kabla ya kulianika mara tatu. Mpaka leo yamepangwa kwenye dirisha la sebule, yote yakiwa yametazama mashariki.

"Jua lilikuwa nje na betri iko ndani kivulini," alinieleza. "Nikaona, kwa nini jua lizungukezunguke kwenye waya wakati linaweza kuingia lenyewe?"

Niliishika ile betri. Ilikuwa ya moto kama sufuria ya ugali.

Yaliyonitoka mdomoni bado yananiuma. Nilimuuliza ni sayansi gani aliyowafundisha watoto wa watu maisha yake yote. Nikamwambia ameyaua mayai ya mama. Nililisema hilo kwa sauti ya kufika barabarani, na jirani aliyekuwa anapepeta mahindi akasimamisha ungo wake. Baba aliuweka ufito chini, akautazama.

Nikakimbilia ndani. Mlango wa mashine ulikuwa wazi, na ndani hamna hata yai moja. Nikaenda jikoni.

Mama alikuwa ameketi karibu na moto, wima kama bibi harusi, amevaa sweta mbili, na tumbo lake lilikuwa kubwa kupita kiasi. Alikuwa amejifunga mayai yote ishirini na mawili tumboni kwa kanga, na kuzunguka kanga amepanga chupa za maji ya moto.

"Usinichekeshe," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nikicheka yatagongana."

"Tangu saa ngapi, mama?"

"Saa nne. Baba yako aliniambia ni dakika ishirini tu. Nikamwangalia, nikasema huyu namjua, nikayatoa." Alisogeza chupa moja kwa uangalifu. "Kwani kuku ana betri?"

Nilicheka mimi kwa niaba yetu wote wawili, nikampigia fundi. Naye alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Halafu akaniambia niiweke betri kivulini hadi ipoe kabisa, kwa kuwa ikizidi moto inajizima yenyewe ili isiharibike. "Ikishapoa ndiyo uirudishe. Lakini nyaya usizikosee, dada. Ukizigeuza inveta inaungua, na hayo mayai mtayakaanga."

Nikatazama nyaya. Zote mbili nyeusi.

"Mwekundu uliniishia siku ile," alisema, sauti imepungua. "Mimi nazijua kwa kichwa. Ule ulio upande wa... Hebu ngoja. Niko mbali, siuoni ukuta."

Betri ilipoa saa nane. Nikaibeba na jirani yule wa ungo, tukaiweka mahali pake. Nyaya zilikuwa zimening'inia na kupishana, na mimi, mtaalamu wa Uyole, nikachagua mmoja kwa kujiamini. Ulikuwa umebaki upana wa kidole uguse betri.

"Sio huo," baba alisema kutoka mlangoni. "Tazama ukutani."

Niliinua macho. Ukutani, kwa chaki, kwa mwandiko ule wa ubaoni nilioufahamu tangu nikiwa darasa la kwanza, alikuwa ameandika CHANYA na HASI kabla ya kufungua nyaya, na chini ya kila neno amechora mshale na umbo la kichwa cha waya. Na waya wa chanya, juu kidogo ya mahali nilipoushika, ulikuwa umefungwa uzi mwekundu wa sufu kutoka kwenye kapu la mama la kufumia. Nilikuwa nimeuona uzi ule, nikadhani ni uchafu.

Nikabadilisha mkono. Baba alinimulikia kwa tochi hadi nikakaza nati ya mwisho. Taa moja ikawaka kwenye betri, kisha taa ya mashine, na saa tisa joto likawa limefika. Mama alijifungua tumbo lake pole pole. Akawa ananipa yai moja moja, na baba akasoma namba zote, moja mpaka ishirini na mbili. Hakuna lililopasuka.

Sikuomba radhi siku ile. Kiburi nacho ni kama betri, kinahifadhi joto. Nilibaki kusubiri, na kwa siku mbili baba alikula nusu ya chakula chake, akasogeza kiti chake karibu na mashine na kukaa hapo akiwa amefumbata mikono.

Siku ya pili, tukichagua maharage, mama alisema bila kuniangalia, "Ulisema mayai yangu."

"Si yako?"

"Mimi nililetwa hapa nikawakuta. Wale kuku ni wa mama yake baba yako. Siku za kideri mimi nililia, watu wakanipa pole. Yeye alichimba shimo." Alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Kila alfajiri anaamka kushika kioo cha hiyo mashine. Hajui kusubiri kitu anachoogopa kukikosa. Na wewe umemrithi."

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja tuliamshwa na baba. Hakuita, alikohoa tu mlangoni, mfululizo. Yai namba tisa lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu kulikuwa na mdomo unaofanya kazi. Tulikaa sote watatu chini, sakafuni, chai ikapoa. Kifaranga wa kwanza alitoka amelowa, amechoka, na shingo tupu kabisa.

Baba alimweka kiganjani. "Mama yangu alitoka kwao na kuku hawa kwa miguu," alisema. "Tenga kichwani. Siku mbili." Alikuwa hajawahi kuniambia habari hiyo, na mimi ni mtoto wake wa kwanza. Alikuwa anacheka, na machozi yanapita pembeni ya kicheko, wala hakuyafuta.

Nikapiga magoti. "Nisamehe, baba."

"Ulisema kweli," alijibu. "Betri haianikwi. Ila ulisema kwa sauti."

Walitoka kumi na sita. Mama alitaka kuyatupa mayai sita yaliyobaki, baba akamkatalia, na saa tisa alasiri akatoka wa kumi na saba, ambaye baba alimwandikia ukutani alama ya vema.

Miezi minne baadaye, nikiwa na mteja, nilimwona mzee akivuka barabara pale Uyole katikati ya malori, anatembea wima sana, na kichwani amebeba tenga. Baba alikuwa hajawahi kubeba kitu kichwani. Amewahi kupigana na makondakta waliomtaka apakate begi lake, lakini tenga lile, alinieleza baadaye, alikataa kuliweka hata kwenye buti. Alilipakata kutoka Iringa.

Ndani kulikuwa na mitetea wawili wa kishingo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hawa kila mmoja alikuwa amefungwa uzi mwekundu wa sufu.

"Nimewawekea alama ya chanya," alisema, "usije ukawageuza."

Nikamwacha mteja na mbegu zake. Nikampokea tenga, nikapiga magoti palepale kwenye vumbi, mbele ya soko.

"Kamwene, baba," nikasema.