Siku Mama Ratiba Alipoziacha Simu

Ukitaka kumwona binadamu mwenye mikono miwili akifanya kazi ya mikono sita, panda ngazi za jengo lile lenye duka la vipuri chini, uingie ghorofa ya pili kabla ya saa mbili asubuhi. Utamkuta mama mmoja mnene kiasi, miwani kichwani, miwani nyingine shingoni, naye anazitafuta zote mbili. Watu humwita Mama Ratiba. Jina lake halisi limebaki kwenye makaratasi, na sidhani kama hata mumewe bado analitumia.

Kazi yake ni kuwapanga manesi wanaowahudumia wagonjwa majumbani. Ana manesi kumi na mmoja, karani mmoja, dereva mmoja, na wagonjwa arobaini na watatu ambao kila mmoja anajiona ni wa kwanza. Wapo wanaopona, kama aliyevunjika nyonga anayefundishwa kutembea upya. Wapo ambao hawatapona, na hao kazi ni kuwaondolea maumivu ili wafe kama watu, kwenye vitanda vyao, katikati ya wa kwao. Kadi zao zote zimebandikwa kwenye ubao ukutani. Mama Ratiba anajua nyumba ipi ina mbwa mkali, kengele ya nani imekufa, na wapi mkwe na mama mkwe hawasemezani, kwa hiyo maelezo ya dawa lazima yatolewe mara mbili.

Alikuwa nesi mwenyewe zamani, tena wa kusifika. Miaka tisa iliyopita mgongo ulimgomea, akapewa kiti na simu tatu. Tangu hapo hakumgusa mgonjwa hata mmoja. Manesi wakirudi jioni na hadithi zao, yeye hucheka na kusema mikono yake imeota kutu. Utani huo ulikuwa na mwiba ndani. Aliwaonea wivu, tuseme ukweli.

Sasa, Alhamisi moja, manesi wawili wako hoi kwa homa, waliobaki wametawanyika mji mzima. Saa nne na robo ikalia simu ya kijani, ile ya wagonjwa wasiopona. Mama Ratiba huipokea simu hiyo akiwa amesimama. Aliyepiga ni binti wa Fundi Saa, kifungua mimba wake.

Fundi Saa alikuwa ametengeneza saa za watu kwa miaka arobaini, na sasa saratani ya tezi dume ilikuwa imemfikia mpaka mifupani. Alikuwa na ombi moja tu, na alimwambia kila aliyeingia chumbani: "Nifie hapa. Atakayenipeleka hospitali nitafufuka nimchape." Binti yake alikuwa amemwahidi.

"Mama, baba anaondoka!" Binti alikuwa akilia. "Anarusha mikono, anavua nguo, anapiga kelele, hata hatutambui. Dawa ya maumivu tumempa kama mlivyotuelekeza, wapi! Shemeji ameshaita gari la wagonjwa. Nilimwahidi baba, lakini siwezi kumtazama hivi, Mama. Siwezi."

Mama Ratiba akautupia macho ubao. Nesi wa karibu alikuwa mbali mwendo wa saa nzima. Gari la wagonjwa, kwa foleni za saa ile, lingefika baada ya nusu saa.

"Asipakiwe popote mpaka nifike," akasema.

"Ufike wewe?"

"Mimi!" Neno lilikuwa limeshamtoka, na neno likitoka halirudi. Akamrushia karani simu zote tatu.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kazini!" Akanyakua mkoba wa nesi mgonjwa akashuka ngazi mbili mbili, mgongo na useme utakavyo.

Dereva alizoea kubeba mitungi ya oksijeni na magongo ya kutembelea. Bosi alikuwa hajawahi kumbeba. "Mama, mkanda," akasema kwa woga.

"Wewe kanyaga mafuta. Mkanda nitaufunga tukifika!"

Wakaenda. Walipita nyuma ya soko, wakakata kwenye uchochoro wa mafundi seremala, wakapiga honi mpaka paka wakaruka ukuta. Moyo wa Mama Ratiba ulikuwa ukidunda kwa hofu, lakini ndani ya hofu hiyo mlikuwa na furaha aliyoionea haya. Miaka tisa! Akaanza kuvaa glavu wakiwa bado njiani.

Nyumbani kwa Fundi Saa viatu vilijaa mlangoni na ndugu walijaa sebuleni, wengine wameshaanza kuomboleza kabla ya msiba. Chumba cha mgonjwa kilikuwa kimedekiwa kikang'aa, shuka mpya zimekazwa vizuri, na katikati ya usafi huo mzee wa watu anajipinda, jasho linamtiririka, anavuta shuka kwa vidole. Dada yake mzee, ambaye nyumba nzima inamwita Shangazi, alikuwa amemshika miguu.

Fadhaa ya mtu anayekata roho Mama Ratiba alikuwa ameiona mara nyingi, na hii ilifanana nayo kabisa. Mkono wake wa kulia ukaenda kwenye sindano ya kumlaza. Mkono wa kushoto, bila kuulizwa na mtu, ukashuka kwenye tumbo la mzee, chini ya kitovu. Pale palikuwa pamevimba, pagumu kama tikiti.

Akaiacha sindano. Akainama kutazama ubavuni mwa kitanda, mahali unaponing'inizwa mfuko unaopokea mkojo wa mzee kupitia mpira. Hakuna kitu.

"Mfuko wa mkojo uko wapi?"

Shangazi akatazama dari.

"Shangazi?"

"Nimeuficha," Shangazi akasema. "Wageni wamejaa, mwanangu. Kaka yangu ni mtu wa heshima zake. Mkojo uning'inie mbele ya wakwe?"

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni."

Ulikuwa chini ya mto. Mpira wake umekunjwa mara tatu na kufungwa kwa utepe, nadhifu kweli kweli. Mama Ratiba akafungua utepe, akaunyoosha mpira, akaushusha mfuko chini ya kitanda. Mkojo ukaja! Nusu lita, ukaja, lita, ukaendelea kuja, na binti akawa anautazama kama mtu anayetazama mvua baada ya kiangazi. Mikono ya mzee ikatulia. Pumzi ikashuka. Akafumbua macho.

"Nani huyu mnene?"

"Shikamoo, mzee. Ni mimi wa kwenye simu."

"Marahaba. Umechelewa."

Wakati huohuo machela ikaingia mlangoni na wanaume wawili nyuma yake. "Mgonjwa wa kupeleka hospitali ni yupi?"

Fundi Saa akainua kidole, polepole, akamwonyesha Shangazi. "Huyo hapo. Mchukueni kabla hajaniua."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Shangazi alicheka huku machozi yakimtoka, akamshika kaka yake mkono akaomba radhi. Binti akatia sahihi karatasi ya kukataa safari, na machela ikatoka tupu kama ilivyoingia. Garini Mama Ratiba aliitazama mikono yake, akapiga kelele ya furaha, dereva naye akaunga mkono kwa honi.

Siku kumi na nane baadaye, Jumatatu asubuhi, simu ya kijani ililia. Alikuwa binti, na sauti yake ilikuwa imetulia.

"Mama, ametutoka. Alfajiri hii. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Kitandani kwake?"

"Kitandani kwake."

"Tumeweza!" Mama Ratiba akapiga meza kwa kiganja, karani akaruka kitini. Hapo ndipo akakumbuka kwamba ni msiba anaopewa habari zake. Akaziba mdomo, uso ukamwiva kwa aibu, akaanza kutafuta maneno ya pole.

Upande wa pili binti alikuwa akilia, na kucheka palepale.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Tumeweza."